Vumbi la Makala: Safari ya Lubumbashi

Mtu wa pwani atakaye kwenda Lubumbashi kwa nchi kavu hana budi kuipa bahari mgongo siku nyingi kabla ya kuuona mji huo, na mimi nilifanya hivyo mwezi wa Mei, miaka miwili baada ya kustaafu kazi ya ualimu niliyoifanya kwa miaka 31 katika mkoa wa Tanga. Nilichukua sanduku moja, blanketi moja, na barua ya rafiki yangu, mkufunzi wa walimu katika mji huo, aliyeniandikia kwamba katika shule za kwao kumeingia taratibu mpya za kufundisha, na kwamba ingekuwa hasara kwa mzee wa kazi kama mimi kuondoka duniani kabla sijaziona. Kwa muda mrefu nilikuwa nimezisikia habari za taratibu hizo katika semina na mikutano, wala sijapata kuziona zikitenda kazi mikononi mwa mwalimu mwenye watoto wengi na vitabu vichache. Kwa hiyo safari hii niliihesabu kuwa ni faradhi.

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi katika Zambia, na mimi, msafiri nisiye na haraka, nilipata humo wasaa wa kuitazama nchi ikibadilika sura, kwanza mbuga za wanyama, kisha bonde la Kilombero lenye rutuba, kisha milima ya Makambako na Mbeya yenye baridi, hata Tunduma mpakani, ambapo saa hurudishwa nyuma kwa saa moja. Kutoka Kapiri Mposhi nilishika basi la kwenda Kitwe, Chingola na Chililabombwe, na mbele yake nikaifikia Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo. Hapo malori yalipangana foleni ambayo sikuuona mwisho wake, mengi yakiwa yamebeba mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa vyuma, na baadhi ya shaba hiyo ilikuwa ikienda bandarini nilikotoka mimi. Kijana mmoja aliyenichukulia sanduku alinisalimu kwa furaha, "Jambo sana, Papa! Batoto beko muzuri?" nami nikajibu kwamba watoto hawajambo, nikatabasamu moyoni, kwa kuwa niliisikia lugha ya mama yangu, iliyofika huku zamani kwa miguu ya wapagazi na wafanyabiashara, ikisema kwa lafudhi ya nchi nyingine. Sikujua wakati ule kwamba tabasamu lile lilikuwa na kiburi ndani yake.

Lubumbashi ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910, mwaka uleule reli ya kutoka kusini ilipoufikia, ukaitwa Élisabethville kwa jina la malkia wao, na jina la sasa, ambalo ni jina la mto mdogo unaopita hapo, lilianza kutumika mwaka 1966. Mji mzima umegawanyika katika komini 7, na ile iliyo katikati ina jina lilelile la mji, Lubumbashi. Ndani yake imo stesheni ya reli, posta kubwa, na kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo lililojengwa kwa matofali, na ukitazama juu ya mapaa utaliona bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba na kando yake kilima cheusi cha taka za madini, ambavyo kwa pamoja ndio alama ya mji huu kama mnara na jahazi vilivyo alama za miji yetu.

Mwenyeji wangu alinitembeza kwa miguu asubuhi ya kwanza, kukiwa na baridi kali ya kiangazi cha huko, akanieleza jambo ambalo nisingelijua kwa kutazama tu. Komini hii ya katikati, alisema, zamani ilikuwa mji wa Wazungu, na baina yake na mitaa ya Waafrika, kama Kamalondo, uliwekwa ukanda mpana wa ardhi tupu ili watu wasichanganyikane. Mtoto wa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini iliyoanzishwa mwaka 1906, alisomeshwa katika kambi ya kampuni, chini ya uangalizi wa mapadre Wabenediktini, masomo ya kumfaa kuwa mfanyakazi kama baba yake. Leo ukanda ule unavukwa kila alfajiri na watoto maelfu, wavulana na wasichana waliovaa mashati meupe na suruali au sketi za buluu, wanaotoka Kamalondo, Kenya na Katuba kuja kusoma mjini. Tulipita mbele ya Imara, shule iliyoanzishwa na mapadre Wasalesio mwaka 1912 kwa jina la Mtakatifu Fransisko wa Sales na baadaye ikapewa jina hilo la Kiswahili, na mwenyeji wangu akanitajia nyingine iitwayo Tuendelee. Nilisimama nikayasoma majina hayo kwa sauti. Katika nchi ambayo lugha ya vitabu vingi vya shule ni Kifaransa, majina yaliyo juu ya malango yalikuwa yakizungumza na watoto kwa lugha yao.

Shule ya kwanza niliyoingia ilikuwa ya msingi, na darasa nililopewa idhini ya kukaa lilikuwa la pili. Nilihesabu watoto 112. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha 43, ilitamka kwamba elimu ya msingi ya serikali ni ya lazima na ya bure, lakini tamko hilo lilikaa katika karatasi hata mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2019, serikali ilipoanza kulitekeleza; na kabla ya hapo, tangu miaka ya tisini, wazazi ndio waliokuwa wakiwalipa walimu kwa michango ya kila mwezi, na mtoto ambaye mzazi wake hakuwa nacho alirudishwa nyumbani. Mlango ulipofunguliwa, waliokuwa nje wakaingia wote kwa pamoja, na madarasa hayakuongezeka kwa kasi ya watoto. Mtu aweza kulalamika juu ya msongamano huo, na walimu wanayo haki ya kulalamika. Lakini mimi nilipoyatazama macho yale 224 nilikumbuka kwamba kila jozi ilikuwa ya mtoto ambaye miaka michache nyuma yamkini angalikuwa barabarani akiuza maji.

Mwalimu wa darasa hilo, mwanamume mwembamba wa makamo, alikuwa na madawati 28, kila moja likikaliwa na watoto wanne. Alipiga makofi mara mbili, na watoto wa dawati la kwanza wakageuka nyuma kuwatazama wenzao wa dawati la pili, wa tatu wakawatazama wa nne, na hivyo hivyo hata ukutani, bila ya dawati kuburutwa wala vumbi kutimka. Na kufumba na kufumbua darasa lisilofundishika likawa makundi 14 ya watoto wanane wanane, kila kundi na kitabu kimoja katikati. Mmoja alisoma, wa pili alifuata kwa kidole, wengine wakasikiliza ili wamsahihishe, kisha kitabu kikapokezanwa. Mwalimu alipita baina yao akiinama, akikaa dakika mbili hapa na dakika tatu pale, na katika saa moja nilimwona amemsikiliza kwa sikio lake kila mtoto aliyekuwa dhaifu. Katika siku zangu nilipokuwa na wanafunzi 60 nilidhani kwamba dawa ya wingi ni sauti kubwa.

Kitabu kile kilikuwa cha Kiswahili. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 iliruhusu lugha za taifa za Kongo, ambazo ni Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba, au lugha ya mahali mtoto anapoishi, zitumike kufundishia; na kabla yake, tangu mwaka 2012 au karibu na hapo, Kongo ilikuwa imeingia katika mpango wa ELAN wa nchi zisemazo Kifaransa, wenye muradi huo huo wa kuanza na lugha ya nyumbani na kuvuka taratibu kwenda katika Kifaransa. Baadaye mradi wa ACCELERE!, uliogharimiwa na Marekani na Uingereza kuanzia mwaka 2015, ulisaidia kupatikana kwa vitabu vya kusomea katika baadhi ya lugha hizo kwa madarasa ya chini. Nilimwuliza mwalimu tafauti aliyoiona. Alifikiri kidogo, akasema kwamba zamani mtoto wa darasa la pili aliweza kukusomea ukurasa mzima wa Kifaransa kwa sauti nzuri, na ukimwuliza amesoma nini anakutazama tu. Siku hizi akisoma habari ya mbuzi aliyepotea, wenzake wanauliza kama alipatikana.

Siku ya tatu mwenyeji wangu alinipeleka katika shule nyingine ya komini ile ile, darasa la saba, kwa mwalimu wa hesabu, na hapa ndipo safari yangu ilipopata maana yake.

Yafaa nieleze kwanza utaratibu wenyewe. Kuanzia mwaka 2018 Kongo ilianza kuingiza, katika hesabu na sayansi za darasa la saba na la nane, mitaala mipya inayofuata njia ambayo walimu wa huko huiita njia ya matukio, na baadaye njia hiyo ikapanda madarasa ya juu. Kila somo hupangwa katika sehemu tano: maarifa ya msingi yanayotakiwa, uwezo ambao mtoto atakuwa nao mwishoni, mfano wa tukio, shughuli za mwalimu na za wanafunzi, na tathmini. Roho ya jambo zima imo katika ile sehemu ya tatu. Mwalimu haanzi na kanuni kisha akatafuta mfano wa kuipamba. Anaanza na tukio la maisha lenye tatizo ndani yake, na watoto, katika kulihangaikia tatizo hilo, huikuta kanuni wanapoihitaji. Mtaala humpa tukio moja lililoandikwa, na humruhusu kulibadili lifanane na maisha ya wanafunzi wake. Na mwalimu aliye hodari hujulikana kwa jinsi anavyolibadili.

Mwalimu huyu alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini iliyowalazimu watoto kunyamaza ili wamsikie. Aliandika tukio lake ubaoni kwa Kifaransa, kama sheria ya darasa hilo ilivyotaka, kisha akalieleza kwa Kiswahili: mwanamke mmoja amenunua gunia la makala, yaani makaa, kwa faranga 30,000, akaligawa katika mifuko midogo 40, akaiuza kila mmoja kwa faranga 1,000, je, amepata faida gani, na faida hiyo ni sehemu gani ya mtaji wake? Hakuna mtoto aliyehitaji kuelezwa makala ni nini. Asubuhi ile ile kila mmoja wao alikuwa ameota moto katika babula, ndilo jina wenyeji walipalo jiko la makala, na wengi wao walikuwa wamepishana njiani na baiskeli zilizosheheni magunia kutoka porini.

Msichana mmoja wa safu ya pili, wa miaka 12 au 13, alisimama kabla ya kuitwa. Alikuwa amekunja mkono wa kushoto na akihesabu kwa vidole vyake vya kulia. "Mama anauza mufuko elfu makumi tatu," alianza, "kiisha anauzisha kidogo kidogo, elfu moja moja, lakini…"

Hapo mimi, mgeni niliyekaa nyuma, niliyepewa kiti kwa heshima, nilifungua kinywa. Nilisema kwa upole, nikiamini kwamba natenda wema, "Si 'anauza', mwanangu. Mama *ananunua* gunia, kisha *anauza*. Na 'anauzisha' haisemwi hivyo."

Msichana alinitazama, akamtazama mwalimu wake, akaviangalia vidole vyake, akavikunja. Kisha akaketi.

Mwalimu hakukasirika, wala hakunitahayarisha mbele ya wanafunzi wake. Alikwenda ubaoni akachora mstari wa kusimama. Upande mmoja aliandika "kwetu", upande wa pili "kwa Papa". Chini ya "kwetu" akaandika *kuuza*, na mkabala wake *kununua*. Akaandika *kuuzisha*, na mkabala wake *kuuza*. Aliwaambia watoto kwamba Papa ametoka mbali, penye bahari, na kwao wanasema hivi, na kwamba mtu anayeijua njia mbili za kwenda sokoni hapotei. Kisha akamgeukia msichana na kumwambia aendelee. Msichana alitikisa kichwa. Mvulana wa nyuma akaendelea badala yake, akatoa 30,000 katika 40,000, akapata 10,000, ambayo ni theluthi ya mtaji, na hesabu ikawa sahihi, na kengele ikalia.

Nilipokuwa nikimuaga mlangoni nilimwomba radhi. Aliipokea, kisha akaniambia jambo lililonikosesha usingizi usiku ule.

"Papa, yule mtoto alisema 'lakini'. Uliisikia?"

Nilikiri kwamba sikuisikia.

"Mama yake njo anauzishaka makala," alisema. "Alitaka kutuambia kitu, na sasa kimebaki kwake. Mimi kazi yangu ni kuwangojea. Ya kwake kwanza, kiisha ya kitabu."

Nilitembea peke yangu hata magharibi, nikapita mbele ya stesheni na posta, nikawaza. Kuna kitabu kidogo cha historia ya mji huu kilichotungwa mwaka 1965 na André Yav, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa majumbani, kilichoandikwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi kama kinavyosemwa, na mwanazuoni Johannes Fabian akakitolea tafsiri na maelezo mwaka 1990. Rafiki yangu alikuwa amenipa nakala nikakiacha mezani baada ya kurasa mbili, kwa sababu upatanisho wake wa maneno ulinichosha. Usiku ule nilikisoma chote. Waandishi wake walikuwa wapishi na maboi waliowahudumia mabwana wa mji tangu kuasisiwa kwake, na wameyataja mambo ambayo hayaandikwi katika vitabu vya mabwana wale, wakiyasema kwa maneno waliyokuwa nayo. Lau wangalingoja mpaka wajifunze upatanisho wetu wa pwani, wangalikufa nayo.

Siku iliyofuata nilikwenda katika kituo cha kufidia masomo. Vituo vya namna hii viko sehemu nyingi za Kongo, na hupokea watoto waliokosa shule au walioiacha, ambao umri wao umekwisha kuwapita darasa la kwanza. Masomo ya miaka sita ya msingi hufundishwa kwa miaka mitatu, kila mwaka ukibeba madarasa mawili. Mji huu una desturi ya zamani ya kazi hiyo. Wasalesio wa Don Bosco, waliofika hapa mwaka 1911, wana nyumba za watoto wa barabarani zenye jina la Bakanja, yaani Isidori Bakanja, kijana Mkongo aliyepigwa hata akafa mwaka 1909 kwa ajili ya imani yake. Na haja ya nyumba hizo iliongezeka pale Gécamines, kampuni iliyorithi migodi ya Union Minière, ilipodidimia, na mwaka 2003 ikawaachisha kazi watu zaidi ya elfu kumi. Kampuni ile ilikuwa imezoea kuwalisha wafanyakazi wake, kuwatibu na kuwasomeshea watoto, na mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliyeandika kitabu juu ya watu hao, aliwaita watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Katika kituo nilichokizuru sikuona chombo chochote cha ajabu. Niliona sanduku la bati lenye kufuli. Kila jioni madaftari yote hurudishwa humo, kwa sababu mtoto anayelala chini ya meza ya soko hana mahali pa kuweka daftari lisilowe wala lisiibwe, na zamani watoto walikuwa wakiacha kituo zaidi kwa haya ya kupoteza madaftari kuliko kwa uvivu wa kusoma. Niliona bomba la maji na kipande cha sabuni, na saa ya kuanza masomo iliyosogezwa mbele kidogo ili anayetaka kuoga aoge kabla hajaketi karibu na wenzake. Niliona uji. Na niliona desturi moja ambayo mwalimu wa kituo alinieleza kwamba waliifikia baada ya makosa mengi: mtoto aliyetoweka siku tatu akirudi haulizwi mlangoni alikuwa wapi, anapewa daftari lake, anasoma, na swali huja baada ya masomo, kwa faragha, wakati ambapo tayari ana kitu mkononi cha kuogopa kukipoteza.

Mvulana wa miaka 14, mwenye mabega mapana ya kusukuma mkokoteni, alinisomea mistari minne. Alisoma polepole, akilifinya kila neno kwa macho. Alipomaliza alikuwa na jasho, ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi, akalifunga daftari, akalifungua tena, akaisoma mistari ile mara ya pili bila ya kuombwa. Nilimwuliza atafanya nini na kusoma kwake. Akanijibu kwamba sokoni wenye mizigo humwandikia kwenye karatasi bei waliyopatana, na alikuwa amechoka kulipwa kwa karatasi asizozijua.

Siku yangu ya mwisho nilirudi kwa mwalimu wa hesabu. Nilikuwa nimemwomba idhini ya dakika kumi, naye akanipa chaki. Nilisimama mbele ya darasa, nikafuta mkono wangu kwa leso, nikawaambia watoto kwamba juzi nilikatiza hesabu kabla haijaisha, na kwamba kwetu mtu akikatiza mazungumzo ya mwenziwe hurudi kumwomba ayamalize. Kisha nikaandika ubaoni, kwa herufi kubwa, kama alivyosema mwenyewe: *Mama anauza mufuko elfu makumi tatu, kiisha anauzisha kidogo kidogo, elfu moja moja, lakini…* Nikamgeukia msichana wa safu ya pili, nikamwuliza, "Lakini nini, mwanangu?"

Alikaa kimya muda ambao mimi wa zamani ningeuona mrefu mno na kumpitia mwingine. Mwalimu wake alikuwa amesimama dirishani, mikono nyuma, akingoja, nami nikangoja.

Hatimaye alisimama. Alieleza kwamba gunia halifiki lenyewe nyumbani. Mama yake humlipa mwenye kinga, yaani baiskeli, faranga 2,000. Kisha akasema kwamba chini ya kila gunia hubaki vumbi, makala yaliyosagika njiani, ambayo ukiyajaza katika mifuko midogo yanajaza mitatu, nayo watu hawaitaki. Kwa hiyo mifuko inayouzwa ni 37, si 40. Wenzake walianza kunong'ona, na kijana wa nyuma, yule aliyepata 10,000, alikuwa tayari akiandika upya. Kutoka katika 37,000 wakaondoa 30,000, wakaondoa na 2,000. Ikabaki 5,000. Faida ya mama yake ilikuwa nusu ya ile tuliyoikubali wote siku ile, mtaala, mwalimu, mimi na mvulana. Na mtoto mmoja tu katika chumba kile alikuwa ameijua tangu mwanzo, naye tulikuwa tumemketisha.

Mwalimu alikuja ubaoni sasa. Kwa Kifaransa cha vitabu aliandika maneno ya gharama za usafiri na ya hasara, akayaunganisha kwa mishale na kinga na vumbi, na watoto wakayanakili yote mawili. Kengele ilipolia msichana alipita mbele yangu, akasimama kidogo.

"Papa," aliniuliza, "kwenu beko na makala?"

Nilimjibu kwamba tunayo, na kwamba mama zetu nao wanauzisha.

Alicheka, akatoka mbio kuwafuata wenzake. Jioni ile nilipanda basi la Kasumbalesa. Malori ya shaba yalikuwa bado yamepangana, na kandokando ya barabara, kinyume cha mwendo wetu, walipita wanaume wakisukuma baiskeli zenye magunia mawili mawili ya makala kuelekea mjini, na kwa mara ya kwanza nilipoyatazama magunia yale nilitazama chini yake, mahali panapokaa vumbi.